Mshale Uliokataa Kushuka

Ndugu zangu, mkisikia nimehamia Biharamulo msiniulize. Namkimbia mama mkwe.

Wiki iliyopita nilikuwa namrudisha Ngara kutoka hospitali Mwanza, tukapata lifti ya ndege ndogo. Nilikaa nyuma ya rubani, mama mkwe nikamwachia siti ya nyuma yangu, maana kwetu Ntobeye hata kumpa mkono mama wa mkeo unafikiria mara mbili.

Aliogopa sana. Nami kwa kiherehere changu nikamwambia, "Usihofu, mama. Ile saa pale mbele inapima tuko juu kiasi gani. Mshale ukigusa sifuri, ujue tumetua." Hayo niliyatunga palepale.

Ndege ikaanza kushuka. Nikaona migomba, nikaona mbuzi, nikaona hadi kamba ya mbuzi. Kutazama saa, mshale bado uko kwenye maelfu ya futi! Rubani anadhani tuko mawinguni!

"Rubani, saa yako imekufa! Tunagonga!" Nikafungua mkanda, nikaruka nyuma, nikafumba macho.

Matairi yakagusa ardhi taratibu, kama kuku anayekalia mayai.

"Mzee," rubani akasema, "saa hii inapima kutoka usawa wa bahari. Ngara ni milimani. Hapa haisomi sifuri hata tukiegesha mwaka mzima."

Nikafumbua macho. Nilikuwa nimepakatwa na mama mkwe, mikono yangu shingoni mwake, kanga yake nimeing'ata kwa meno.

"Mkwe," akasema polepole, "ndege imeshatua. Na wewe tua."