Kosa Si Lako

Mke wangu analipwa kwa kuona kasoro, na kazi hiyo haina saa ya kutoka. Tukialikwa mahali, kabla hajakaa ameshaona kwamba swichi ya taa imewekwa nyuma ya mlango, kwamba mlango wenyewe una mpini wa kuvuta ilhali unasukumwa, na kwamba bomba la maji ya moto halina alama. Hasemi kitu, ana adabu zake, lakini mimi namjua, anakunja pembe ya mdomo. Tukifika nyumbani ndipo anapoyamwaga yote. Kazini wanamwita Bi Kasoro. Mama yangu, ambaye anaishi nasi, alilidaka jina hilo siku ya kwanza alipolisikia akalifanya lake.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko uani, ukuta mmoja na jikoni, kwa hiyo nasikia kila linalosemwa ndani. Zamani watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani, nilijibu "kompyuta" yakaisha. Siku hizi naeleza, maana nimechoka kuona kazi yake ikidharauliwa. Mtu akitengeneza programu ya simu, kabla haijafunguliwa kwa umma wanaitwa wataalamu watatu wanne kama yeye waipekue. Kila mmoja anakaa peke yake, bila kuchungulia kazi ya mwenzake, na ana kanuni zake kichwani. Programu imwambie mtu yuko wapi na nini kinaendelea. Izungumze lugha ya watu, si ya mafundi. Imzuie kukosea kabla hajakosea, na akikosea impe njia ya kurudi. Kila kasoro anaipa uzito, kuanzia ile ya kuudhi tu hadi ile nzito kabisa, ambayo maana yake ni kwamba programu isifunguliwe mpaka irekebishwe. Kisha wanakutana, wanalinganisha. Mpaka hapo ni kazi ya akili na ya haki. Yanayofuata ndiyo yanayonipandisha hasira.

Mwaka jana ilimjia programu ya hospitali, ya kupanga nafasi za kumwona daktari na za upasuaji. Nyumbani kwetu habari hiyo ilipokewa vizuri, kwa sababu mama ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilishafunga kabisa, la kushoto linaona ukungu. Na mama ni mtu wa sindano. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona, na mpaka leo vifungo vya mito ya makochi yangu anavishona yeye kwa kupapasa. Alichokitaka duniani hakikuwa kikubwa, alitaka atunge uzi mwenyewe bila kuita mtu. Jina lake lilikuwa kwenye foleni ya upasuaji, foleni ndefu ya kumchosha mwenye macho, seuze asiyeona.

Bi Kasoro aliipekua programu ile kwenye meza yetu ya chakula. Jioni moja nilimsikia anacheka, kicheko kikavu, akaniita nikaone. Kwenye ukurasa wa nafasi ya mgonjwa kulikuwa na vitufe viwili, kimoja juu ya kingine, umbo moja, rangi moja. Cha juu kimeandikwa "Futa". Cha chini kimeandikwa "Thibitisha". Ukigusa cha juu, nafasi imekwenda. Hakuna kuulizwa kama una hakika, hakuna kurudi nyuma, unaanza upya mwisho wa foleni. Halafu yanatokea maandishi mekundu: "Hitilafu ya mtumiaji. Nafasi haipo."

"Mgonjwa anafutiwa upasuaji, halafu anatukanwa," alisema. "Na usisahau, humo ndani kuna wagonjwa wa macho."

Akaipa uzito wa juu kabisa. Akaandika na dawa yake: vitufe vitenganishwe, rangi zitofautiane, mtu aulizwe kabla, na apewe muda wa kujirudi. Akaona pia yale maandishi mekundu yaandikwe upya, na kwa hilo akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi pale pale anakunja vitambaa vyangu.

"Mama, mtu akipoteza nafasi yake, tumwambie nini?"

Mama hakufikiri sana. "Mtu akijikwaa, kwanza unampa pole. Halafu unamwambia kosa si lake, hata kama alikuwa anatembea huku anaangalia pembeni."

Wakacheka wote wawili. Bi Kasoro akaandika: "Pole. Nafasi hii imefutwa na haiwezi kurudishwa. Kosa si lako." Akamsomea. Mama akasema hapo sasa mtu atajua anaongea na binadamu.

"Lakini hayo ni ya akiba tu, mama," Bi Kasoro akamwambia. "Wakishatengeneza vitufe, hakuna atakayeyasoma."

Siku ya kikao alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni kwa kuvirusha. Kimoja kilifika mpaka karakana. Nikakiokota, nikampelekea, nikakaa kimya, maana ndoa imenifundisha lini kukaa kimya.

"Wamepiga wastani," alisema. Wenzake wawili walikipa kitufe kile uzito mdogo, mmoja akidai watu watasoma kabla ya kugusa. Uzito wake wa juu ukachanganywa na wao, ukatoka uzito wa katikati, na mambo ya katikati yanasubiri awamu ijayo. Alibisha mpaka sauti ikakauka. Mkuu wa mradi, mtu mpole mwenye tabasamu la kudumu, akamwambia, "Dada, hayo ni maoni ya mtaalamu. Tunayaheshimu. Lakini hatuna mtumiaji hata mmoja aliyelalamika."

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamwambia programu haijafunguliwa, atalalamika nani? Akasema ndiyo hivyo, tusubiri ifunguliwe."

"Hawakukubali hata moja?"

Akakunja pembe ya mdomo. "Wamekubali yale maneno ya mama. Wameyapigia makofi. Mkuu amesema yana utu." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba kubadilisha maneno ni kazi ya dakika chache na haimtoi mtu jasho.

Nilikereka, sikatai. Mimi nikikuta kochi lina msumari uliochomoza, sikai kikao. Lakini nilijua pia kwamba si kazi yangu, na kwamba yeye kesho yake angerudi pale pale, na watu wale wale, na tabasamu lile lile. Programu ikafunguliwa. Mabango yakabandikwa kwenye kuta za hospitali: mgonjwa mwenye tabasamu, simu mkononi.

Zamu ya mama ikakaribia. Ujumbe uliingia kwenye simu yake asubuhi moja: athibitishe kwamba atafika, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Mama akampa Bi Kasoro simu. Hakunipa mimi. Alisema mimi mikono yangu ni ya nyundo, na simu ile apewe mwenye kuijua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kipande cha sponji kwapani, nikaona yote.

Bi Kasoro aliketi karibu naye kitini, akafungua ukurasa. Vitufe vilikuwa vile vile. Akaanza kumweleza, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba alikuwa anamweleza.

"Hapa ndipo penye mtego, mama. Cha juu kinafuta, cha chini ndicho chetu. Sasa naenda kwenye cha chini."

Kidole kikashuka. Na kabla hakijagusa kioo, juu ya ukurasa likachomoza tangazo dogo la kijani, likavisukuma vitufe vyote viwili chini. Pale palipokuwa na "Thibitisha" pakawa na "Futa". Kidole hakikujua, kikagusa. Tangazo lenyewe lilikuwa linauliza: "Umeridhika na huduma yetu? Tupe nyota."

Hakupiga kelele. Nilimwona tu rangi inamtoka usoni, na kidole bado kimeganda juu ya kioo.

"Imekubali?" mama akauliza.

Bi Kasoro akaupitia ukurasa tena kwa macho, juu mpaka chini.

"Mwanangu, inasema nini? Nisomee."

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, walau mpaka nipate la kufanya. Yeye akamsomea mama yangu neno kwa neno.

"Pole. Nafasi hii imefutwa na haiwezi kurudishwa. Kosa si lako."

Mama akasema, taratibu, "Hayo maneno nayajua."

Tulikwenda hospitali saa hiyo hiyo, sote watatu, mimi na vumbi la sponji nguoni. Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na dada mmoja mwenye macho ya uchovu. Alitusikiliza, akatafuta, akatikisa kichwa.

"Mfumo umeshafuta."

"Basi mrudishe," nikasema. "Mgonjwa huyu hapa, amesimama mbele yako. Jina lake unalo."

"Kaka, jina ninalo, nafasi sina. Mfumo haunipi pa kumrudisha. Naweza kumwandikisha upya, aanze foleni." Akainua macho. "Nani aligusa?"

"Mimi," alisema mke wangu.

"Siku nyingine usome kwanza, dada."

Nikaona shingo ya Bi Kasoro inakakamaa. Mtu ambaye kazi yake ni kusoma kila neno la kila ukurasa mpaka macho yanamtoka, aliambiwa asome, na akasema "sawa". Nilitaka kupasua kioo cha dirisha lile. Mama akanishika mkono wa shati, maana anazijua hasira zangu. Tukamwandikisha upya.

Kesho yake alijipeleka mwenyewe kwa mkuu wa mradi kama ushahidi. Alinihadithia jikoni, huku anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Nikamwambia, ulitaka mtumiaji aliyekosea. Huyu hapa. Na si kitufe tu, lile tangazo lenu la nyota linavisogeza."

"Akasema?"

"Akasema pole sana. Halafu akasema mimi si mtumiaji wa kawaida. Mimi ni mtaalamu, kasoro niliijua tangu mwanzo, tena nilikuwa na wasiwasi nayo. Akinihesabu mimi, matokeo yatapotoka." Akaigeuza sufuria, akaanza kusugua mgongo wake. "Nilipokuwa mtaalamu, walitaka mtumiaji. Nimekuwa mtumiaji, nimekuwa mtaalamu mno."

"Na mama? Mama naye si mtumiaji?"

"Amesema mama alete malalamiko yake. Kuna sehemu yake humo humo kwenye programu. Yakiingia, yatahesabiwa."

Akafuta mikono, akachukua simu ya mama mezani. Nikasimama nyuma yake. Alipata ukurasa wa malalamiko baada ya kuzunguka sana, hilo nalo akalisonya. Ukurasa ukadai jambo moja kabla ya yote: namba ya nafasi yako. Akaweka ile ya zamani. Ukajibu kwamba nafasi hiyo haipo. Akaweka ile ya foleni mpya. Ukajibu kwamba malalamiko hupokelewa baada ya mgonjwa kupangiwa siku.

Tulitazamana. Hata mimi wa nyundo nilielewa. Kila aliyefutiwa nafasi alikuwa amefungwa mdomo pia, na ofisini walikuwa wanatabasamu kwamba hakuna anayelalamika. Huenda walikuwa wengi. Huenda wote walisoma "pole", wakaridhika kwamba walau kuna mtu aliyewahurumia, wakazima simu.

Bi Kasoro akakaa chini. Alikuwa hajawahi kulia kwa ajili ya kazi, ila siku hiyo alilia, tena kwa hasira, akijipiga paja. Mama alikuwa kwenye kona yake pale jikoni na mto wa kochi magotini, kifungo kimoja kimebaki. Alisikia yote.

"Mwanangu, usijiumize. Si uliandika mwenyewe? Kosa si lako."

"Mama," akasema, "niliyaandika ili yasisomwe na mtu."

Uani kochi la mteja lilikuwa linangoja ule mto. Mama akapapasa mapajani, akaipata sindano, akainyoosha mbele yake kuelekea alikosikia kilio, kidogo pembeni ya alipokuwa mke wangu.

"Basi nitungie uzi," alisema.