Shufaa na Chumba cha Baridi

Watu wa mtaani kwake husema Shufaa aliharibiwa na hoteli. Ni maneno ya watu, na watu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo wakikosa cha kusema huugua. Lakini mambo kweli yalianzia hotelini. Shufaa alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini kidogo ya mji, na kila siku aliingia vyumba ambavyo wageni wameviacha wakaenda kuota jua, kiyoyozi kinanguruma peke yake, baridi tele na hakuna wa kuipokea. Alikunja mashuka, akapangusa meza, kisha akasimama kidogo chini ya ule upepo, amefumba macho. Hapo ndipo alipomfikiria mama yake.

Mama yake, Bi Esha, alikuwa amepooza miguu tangu alipopata kiharusi. Nyumba yao ni ya mawe na chokaa, kuta nene kweli kweli, na zamani ilipoezekwa makuti ilikuwa ukiingia mchana unajisahau. Marehemu baba ndiye aliyeyatoa makuti akaweka bati, mtaa mzima ukampongeza kwa maendeleo. Maendeleo hayo yakawa yanamwangukia mkewe kichwani kila adhuhuri. Ukifika msimu wa kaskazi Bi Esha alilowa jasho mpaka godoro, ngozi ya mgongoni ikachubuka, vidonda vikafunguka. Shufaa alimgeuza, akamkausha, akampaka dawa, na kesho yake vidonda vilikuwa vibichi tena. Alilia jikoni asionekane, akajifuta kwa upindo wa khanga, akarudi kumpepea.

Hata hivyo, Bi Esha hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Kitanda chake kiliwekwa chumba cha mbele, chini ya dirisha la mbao linalotazama njia, na dirisha lile lilikuwa ndiyo ofisi yake. Hakuna aliyepita bila kumwamkia. Wauza samaki, wanawake watokao sokoni, watoto wa madrasa na vikofia vyao, wote walitupa "Shikamoo Bi Esha!" bila kusimama, naye akajibu "Marahaba, mwanangu, Mungu akukuze," na kwa sauti tu alijua ni nani, mtoto wa nani, na jana hakupita kwa nini. Siku akichelewa kujibu, aliyepita alisimama. Akiita mara ya pili pakawa kimya, aliingia ndani kuangalia. Hakuna aliyepanga jambo hilo wala kulipigia kikao. Ndivyo mgonjwa alivyolindwa pale mtaani, na kwa sababu hiyo Shufaa aliweza kwenda kazini na roho yake imetulia.

Sasa Haji, mdogo wake wa Dar es Salaam, akapiga simu siku moja akiwa na furaha.

"Dada, nimempatia mama kiyoyozi."

"Kiyoyozi? Haji, umeme wake nani ataubeba?"

"Siyo vile vya zamani. Siku hizi kuna inverta. Kinakula umeme kidogo kuliko unavyodhani. Fundi atakuja mwenyewe, wewe mwandalie chai tu."

Fundi alitoka Msata, akiitwa Ishaka, kijana mpole asiyesema sana. Alizunguka chumba kizima akigonga ukuta, akatazama juu kwenye bati, akatazama matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, akatikisa kichwa.

"Dada, chombo hiki kina akili," alisema. "Chumba kikipoa chenyewe kinapunguza nguvu, ndiyo maana hakili umeme. Lakini chumba lazima kishike baridi. Hapa pana matundu, dirisha lina nyufa, mlango chini unapitisha paka. Tukiwasha hivi hivi, tunaipoza Bagamoyo nzima."

"Basi fanya inavyotakiwa," Shufaa akasema.

Fundi akafanya inavyotakiwa, na hapo simlaumu. Chini ya bati aliweka dari na karatasi nene za kung'aa za kuzuia joto. Matundu ya hewa akayaziba kwa saruji. Dirisha la mbao likang'olewa, likaja la alumini lenye vioo na mipira pembeni. Mlango ukawekwa mpya, nao ukavishwa mpira kote, mpaka chini. Ulipofungwa ulitoa mlio mdogo kama mtu anayefunga kopo, kisha pakawa kimya.

Nani atasema kitu kile kilikuwa kibaya? Bi Esha alilala usingizi ambao hakuupata tangu augue. Vidonda vilikauka kimoja baada ya kingine, akaanza kula, mashavu yakarudi. Umeme kweli haukutafunwa, Haji alikuwa amesema kweli. Shufaa alifurahi mpaka akawa anawaalika wenzake wa hotelini waje waguse ukuta. Aliona kwa mara ya kwanza maishani amempa mama yake kitu ambacho wageni hupewa. Furaha hiyo ilikuwa haki yake, na mimi simnyimi.

Ila alizidisha. Mtu aliyehangaika sana akipata kitu hukilinda hadi anakera, na Shufaa aliilinda ile baridi kama mali ya yatima. Mgeni hajavua viatu, yeye ameshapaza sauti: "Mlango jamani, baridi inatoka!" Ukisimama kizingitini kumaliza salamu, unasogezwa kwa mkono. Watoto walikatazwa kabisa. Wapitao njiani nao, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa ili jua lisiingie, wakaona wenye nyumba wamepumzika. Na mtu wa pale hamsumbui aliyefunga dirisha lake mchana. Salamu zikapungua, kisha zikakatika.

"Shufaa," Bi Esha aliuliza jioni moja, "mtaa umehama?"

"Umehama wapi, mama? Watu wapo."

"Mbona siwasikii?"

"Kelele haziingii sasa. Unapumzika vizuri."

Bi Esha alitazama kile kioo, pazia limekifunika, halafu akaomba ageuzwe upande wa ukuta. Shufaa alimgeuza, akamfunika shuka, na akaona amemtendea wema.

Aliyebaki kuja kila siku alikuwa Bi Zaina wa nyumba ya pili. Huyu na Bi Esha walikuwa mashoga tangu wanasuka ukili wa mikeka pamoja wakiwa wasichana. Bi Zaina ana sauti ambayo akimwita kuku wake, kuku wa mtaa wa nyuma huja. Alikuwa na desturi moja: hakai. Husimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, bakuli la uji mkononi, na umbea wote wa mji unamwagwa kutoka hapo. Ukimkaribisha kiti anasema ana haraka, kisha anasimama mpaka uji unapoa.

Asubuhi moja Shufaa alikuwa anachelewa kazini, na chumbani walikuwapo wageni wengine. Akamgeukia.

"Bi Zaina, samahani, ama uingie ama utoke. Huo mlango ukiuacha wazi, chombo kinafanya kazi bure."

Wageni waliinamisha macho. Bi Zaina alicheka, akasema, "Haya mwanangu, nimekosa," akajifunika khanga yake vizuri na kutoka. Tangu siku hiyo hakuugusa mlango ule kwa mkono wake. Alisimama nje barazani na kupiga hodi, akifunguliwa na Shufaa aliingia moja kwa moja na kukaa kwenye kiti kama mgeni wa mbali, uji ukanywewa moto, na umbea ukawa mfupi. Shufaa aliona mama wa watu amejirekebisha. Hata akamsifia kwa Haji.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Shufaa alimlisha mama yake, akamwekea kikombe cha maji kwenye stuli, akaweka baridi ya wastani, akafunga mlango bila kufunga kitasa kwa ufunguo, akaenda. Bi Esha alipotaka kunywa, kikombe kikateleza. Akajivuta kukifuata, naye akaanguka. Sakafu ilikuwa ya vigae, imelowa, na chombo kile chenye akili kikaendelea na kazi yake.

Akiwa pale chini alisikia sauti anayoijua kuliko zote.

"Hodi!" Bi Zaina, aliyechelewa siku hiyo, aliita kutoka barazani.

"Karibu!" Bi Esha akajibu kwa nguvu zake zote. "Karibu, shoga, nimeanguka!"

Nguvu zake zote, kwa mtu wa umri ule aliyekwisha kupatwa na kiharusi, hazikuwa nyingi. Mpira wa mlango ulizimeza.

"Hodi!" Mara ya pili. Bi Esha akaita tena, akagonga kigae kwa kiganja.

"Hodi jamani!" Mara ya tatu. Kisha kimya. Maana mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka. Hivyo ndivyo Bi Zaina alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa mtoto, na ndivyo alivyowafundisha wanawe. Alirudi na uji wake, akidhani mwenzake amelala.

Shufaa alimkuta mama yake alasiri, nguo zimemgandia mwilini, midomo imebadilika rangi. Alipiga kelele ambazo mtaa ulizisikia, kwa kuwa mlango sasa ulikuwa wazi. Bi Zaina ndiye aliyefika wa kwanza. Ndiye aliyetafuta bajaji, ndiye aliyempakata Bi Esha mapajani mwake mpaka hospitali, akimsugua mikono na kumsomea dua. Bi Esha alifumbua macho, akamtambua, akayafumba.

Daktari alisema ni mapafu. Bi Esha alikuwa na akili zake timamu mpaka karibu na mwisho, na laiti asingekuwa nazo. Bi Zaina alikuja wodini kila siku na chupa ya uji, na kila alipoinama kumsalimu, Bi Esha aligeuza uso ukutani. Bi Zaina alidhani ni maumivu. Alitoka nje akilia, akimwomba Mungu ampunguzie mwenzake.

Walipobaki wawili, Shufaa aliuliza. "Mama, mbona Bi Zaina humwitikii?"

"Yeye aliniitikia?"

"Lini, mama?"

Bi Esha akamweleza, kwa vipande, akipumzika katikati. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jinsi alivyoita. Jinsi alivyoisikia sauti ya shoga yake ikikatika, akajua ameshuka barazani na kwenda zake.

Shufaa alishika kitanda. "Hakukusikia, mama. Wallahi hakukusikia. Ni mlango. Ule mpira wa mlango hautoi sauti nje."

"Mimi nilimsikia yeye."

"Yeye ana sauti kubwa, mama, unamjua. Yako haikutoka. Mimi ndiye niliyeufunga, mama. Nilaumu mimi."

"Zaina?" alisema Bi Esha, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Zaina anaisikia sauti yangu tangu hatujavunja ungo. Alisikia. Amechoka na mimi tu, kama wenziwe wote. Watu walinichoka siku nyingi, mwanangu. Si nilikuuliza kama wamehama?"

Shufaa aliapa, alieleza, alitaja fundi na saruji na mipira, alijitukana mwenyewe mbele ya mama yake. Hakuna lililoingia. Bi Esha alimpapasa mkono, akamwambia asilie, akafa alfajiri ya siku iliyofuata akiwa anaamini hivyo.

Alizikwa mchana ule ule. Nyumba ilijaa. Mlango wa chumba cha mbele ulizuiwa kwa jiwe usijifunge, madirisha yakafunguliwa, na ule mtaa uliodhaniwa umehama ukaingia wote, wauza samaki, wake zao, watoto wa madrasa, kila mmoja na habari ya jinsi alivyokuwa akimwamkia. Kumbe siku zote walimkumbuka. Kumbe kila mmoja alinyamaza akidhani anamstahi. Shufaa aliwasikiliza akiwa amekaa mkekani, na kila neno jema lilimchoma, kwa sababu aliyestahili kulisikia ameshafukiwa.

Baada ya dua Bi Zaina alimvuta uani, penye masufuria ya pilau. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kilio na ile sauti yake imekauka, haikufika hata ukutani.

"Mwanangu, kuna kitu kinanikosesha usingizi. Siku ile nilikuja. Nilipiga hodi mara tatu, kimya, nikarudi. Niambie kweli, Shufaa, na Mungu anakuona. Nilipokuja alikuwa ameshaanguka?"

Shufaa alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa amekoshana na mama yake mikono, amelishana naye, ameuguzana naye, na sasa alikuwa anangoja jibu.

"Hapana," akasema. "Alikuwa amelala. Mwenyewe aliniambia. Alisema aliamka baadaye kabisa."

"Hakunisikia?"

"Hakukusikia, Bi Zaina."

Bi Zaina alishusha pumzi, akashika kifua, akashukuru Mungu mara nyingi. Kisha akauliza, karibu kwa haya, "Na kule hospitali, hata neno moja hakusema juu yangu?"

"Alikutaja sana," Shufaa akajibu. "Alisema nikusalimie."

Bi Zaina akalia upya, safari hii kwa raha, akamkumbatia, akarudi ndani kuwaambia wenzake kwamba Esha alimwachia salamu. Shufaa alibaki uani akiisikia habari hiyo ikipita mdomo kwa mdomo kule chumbani, kila aliyeipokea akiiongeza utamu.