Siku Nilipoyatia Sumu Maji ya Kibenga kwa Mdomo Wangu

Aibu niliipata, sikatai, tena mchana kweupe, lakini nasimulia bila kuinamisha kichwa maana kazi yangu naijua. Mimi ni Zaituni wa Buyenzi, nasomea mambo ya maji chuo kikuu, na mwaka jana akina mama fulani wa Kibenga waliniita kwa sababu tilapia wa bwawa lao (liko hatua chache tu kutoka ziwani) walikuwa wanakufa kila asubuhi, midomo juu, wakitafuta hewa.

Nikajua ni tope. Tope la chini hushikilia fosforasi, ile mbolea ya majini, huishikilia kwa chuma kilichomo ndani yake, na maadamu hewa inafika kule chini mambo yametulia. Hewa ikiisha tu, chuma kinaachia, fosforasi inapanda, mwani unastawi mpaka maji yanakuwa kijani kama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kisha mwani unakufa, unaoza, unamaliza hewa iliyobaki, na tope linaachia nyingine tena.

Nikataka wajionee wenyewe, mbele ya profesa wangu na chefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Chupa za labo nilikuwa nazo mbili, nimezisafisha kwa asidi kama inavyotakiwa, moja ya maji ya juu ya bwawa, moja ya maji ya chini. Asubuhi hiyo nikakumbuka sina ya tatu, ya maji safi ya kulinganishia. Nirudi labo? Nikachukua chupa ya jemu jikoni kwa mama, nikaisugua kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara moja, nikaondoka. (Mara moja! Mimi ninayewagombeza wenzangu!)

Dawa ya kupimia ikikutana na fosforasi, maji yanageuka bluu. Nikatia. Ya juu, bluu hafifu. Ya chini, bluu nzito, watu wakaguna, nami mabega yakatanuka. Nikachota maji ya bomba kwa ile chupa ya jemu, nikatangaza, "Haya mnayokunywa hayatabadilika hata kidogo."

Dawa ilipoingia, yakawa bluu kuliko yote, kama wino.

Mama Furaha, kiongozi wao, mzaliwa wa Uvira, akasimama. "We Zaituni, ni hii maji tunakunywaka?"

"Ngojeni kwanza," nikasema, lakini mwenzake alishatuma sauti kwenye WhatsApp: "Musikunywe maji ya robine, iko na sumu!" Hapo ndoo za maji ya bomba zikaanza kumwagwa, watu wakaja mbio, na nyumba ya tatu, walikokuwa wanawapikia wageni wa mahari, sufuria nzima ya maharage ikaishia mtaroni.

Profesa akaokota kifuniko cha jemu, akakinusa.

"Zaituni, hii chupa uliosha na nini?"

Nilitaka kudanganya, wallahi. "Sabuni ya unga, profesa."

"Na sabuni ya unga iko na nini ndani?"

"Fosforasi," nikajibu.

"Kumbe alitupimia sabuni!" akapiga kelele Mama Furaha, na kicheko kilichofuata sijui kama kiliishia Kibenga au kilivuka mpaka Congo. Profesa akatoa chupa safi mkobani, akarudia jaribio, maji ya bomba yakabaki meupe, nami nikanywa glasi nzima mbele yao.

"Apana, haitoshi," akasema chefu. "Utapita nyumba kwa nyumba, we mwenyewe, useme maji iko sawa."

Nikapita. Kwenye nyumba ya mahari, mama mwenye maharage aliniangalia mwiko mkononi. "Mutoto, mi nimemwanga maharage ya masaa tatu." Nikaomba msamaha, nikaketi chini, nikachambua naye maharage mapya, na wageni wakala saa kumi wakiwa wamenuna.

Lakini bwawa nililisoma sawasawa. Akina mama walilikomba tope, wakalipeleka kwenye migomba, wakaelekeza maji ya mfereji yadondokee bwawani kutoka juu ili yaingize hewa, na samaki wakaacha kufa. Elimu yangu siionei aibu. Ninachoapa ni hiki: maji safi nitayapima ya kwanza, nikiwa peke yangu, kabla mtu yeyote hajavuta kiti.