Maharage Machanga ya Loyce na Magadi ya Mama Mkwe

Chai haijachemka, na Loyce Clement ameshagombana na watu wawili. Wa tatu anavuka barabara taratibu, anajinyoosha mgongo, hajui kinachomsubiri.

Loyce yuko kwenye banda lake la chakula hapa Shelui, upande ule yanakoegeshwa malori ya Nzega. Mbele yake kuna beseni la maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake. Anashika moja, anakata ncha, anavuta ule uzi wa pembeni, anakatakata, anatupia kwenye sufuria. Mikono inakwenda yenyewe. Mdomo nao haupumziki.

Aliyemuudhi kwanza ni Hussein, mwenye bustani, ambaye hawezi kuleta mzigo bila kununa.

“Maharage hayajakomaa unayang’ang’ania ya nini?” kamuuliza. “Hii ni sawa na kuchinja kifaranga.”

“Wewe chuma, mimi nipike,” Loyce kamjibu. “Nikitaka yaliyokomaa nitayakuta kila banda.”

Wa pili ni mama mkwe wake, Bibi Anastazia, anayepeta mchele nyuma ya banda. Yeye katamka kitu kwa Kinyiramba ambacho hakifai kuandikwa gazetini, kisha kaendelea kupeta.

Sasa huyu wa tatu, dereva Abdulmajidi, anavuta benchi.

“Shemeji, leo kuna nini?”

“Wali, ugali, nyama, samaki, maharage machanga.”

“Mimi nimeuliza chakula. Hayo ya mwisho ungempelekea mbuzi.”

“Mbuzi gani umemwona ana kitambi kama hicho?”

Benchi zima linacheka. Abdulmajidi anaagiza wali nyama. Sahani inafika, na pembeni kuna upawa mzima wa maharage machanga.

“Sijaomba haya.”

“Na mimi sijakuuliza. Kula.”

Anakula, huku ananung’unika. Ndiyo maisha ya Loyce siku hizi: kupika chakula kizuri, halafu kukipigania kama kesi mahakamani.

Na wala si chakula cha maajabu. Anakaanga kitunguu kwa mafuta kidogo ya alizeti, anaweka nyanya na karoti, anamimina maharage na maji kidogo, anafunika. Yakishaiva lakini bado yanakataa kidogo kwenye jino, anaepua. Chumvi ni ya kuonja tu. Mwishoni anakamulia ndimu.

“Watu wakiona kitu cha kijani wanadhani nimeishiwa,” anasema. “Mtu yuko tayari kula chipsi asubuhi, mchana na jioni, lakini ukimpa mboga anakuangalia kama umemtukana.”

Janeth, muuguzi wa kituo cha afya anakotibiwa mume wa Loyce, anasema maharage machanga yana nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na ambazo hazipandishi sukari kwa kasi. Yana vitamini C, yana foleti ambayo wajawazito wanaihitaji sana, na yana madini ya potasiamu yanayosaidia mwili kuhimili chumvi. Tena yanashibisha bila kunenepesha.

“Ila si dawa,” anaonya. “Mwenye presha ameze vidonge vyake kama alivyoelekezwa. Chakula kinasaidia tu.”

Presha ndiyo iliyoanzisha yote haya.

Mume wa Loyce, Antipasi, ameendesha malori tangu ujana wake. Mwaka huu, akiwa anateremka mlima Sekenke na shehena ya alizeti, alisikia kizunguzungu, macho yakaingia giza. Mungu saidia akalisogeza gari pembeni, akalisimamisha, akabaki ameushikilia usukani. Alipopimwa, presha ilikuwa juu mno. Tajiri wake hakubishana. Alimwambia ufunguo atarudishiwa siku daktari atakaposema presha imetulia.

Tangu hapo banda ndilo linalolisha nyumba na kumsomesha binti yao, Catherine. Na Antipasi anashinda nyumbani akihesabu malori kwa mlio.

“Mwanaume aliyezoea barabara ukimweka ndani anakuwa mkaguzi,” Loyce analalamika. “Kwa nini ndoo iko hapa, kwa nini kuku amepita pale. Nilisema huyu lazima apone, la sivyo nitaugua mimi.”

Kituoni waliambiwa wapunguze chumvi na mafuta, waongeze mboga. Loyce akayashika maneno hayo kama amri kumi. Kopo la chumvi likahama jikoni, likaenda kukaa chumbani kwake, chini ya kitanda. Maharage machanga yakawa mboga ya nyumbani kabla hayajaingia bandani. Na kwa kuwa yeye anaondoka mapema, mpishi wa nyumbani akawa Bibi Anastazia, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza kumsaidia bandani.

Bibi alipika vizuri ajabu. Yale ya bandani yalilalamikiwa kwamba ni magumu. Ya bibi yalikuwa laini kama mlenda, kijani kinang’aa. Antipasi alikuwa anafuta sahani kwa tonge la mwisho.

“Nikajisifu kabisa kwamba mama amejifunza,” Loyce anasema, na hapo anaachia kisu ili ashike kichwa vizuri.

Wakaenda kupima. Presha iko juu. Wakarudi tena baada ya wiki kadhaa. Iko juu vilevile. Loyce akamgeukia mumewe palepale, mbele ya watu, akamtuhumu kwamba anakula nyama choma kwa siri. Antipasi akaapa. Loyce akasema hata wezi huapa.

Muuguzi Janeth akawatuliza, akaanza kuuliza upya, chakula kimoja kimoja. Mboga mnapikaje? Nani anapika? Mnaweka nini?

“Nikamwambia chumvi hakuna, labda magadi kidogo ya kulainishia,” Loyce anakumbuka. “Sista akaweka kalamu chini.”

Kwa wasiojua jiko la huku, magadi ni kama ndugu wa familia. Mlenda unawekewa, kunde zinawekewa, mboga ya majani inawekewa. Hakuna anayeyahesabu kuwa ni chumvi. Lakini Janeth anaeleza kuwa sodiamu, ile inayopandisha presha kwenye chumvi, ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye magadi. Zaidi ya hapo, magadi yanaharibu vitamini, kwa hiyo mboga inabaki na rangi nzuri lakini imeshapoteza sehemu ya faida yake.

Loyce alirudi nyumbani kwa miguu ya hasira. Alimkuta mama mkwe jikoni, kijiko mkononi, kibuyu cha magadi wazi. Hakuwa amejificha hata kidogo.

“Mama, umekuwa ukiweka magadi kila siku?”

“Sasa yangelainikaje?”

“Si tulisema chumvi hapana?”

“Mlisema chumvi,” bibi akajibu. “Magadi sijaambiwa. Mngesema magadi, ningewakatalia mapema tujue moja.”

Loyce anasema hapo hasira ilimwisha. Hata yeye hakuwa anajua. Angekuwa anapika yeye, angetia yeye.

Aliyeumia zaidi ni bibi, ingawa hasemi. Siku mbili hakugusa chungu. Siku ya tatu alitokea bandani, akakaa karibu na sufuria, akamtazama Loyce anavyopika mwanzo hadi mwisho. Alipoonjeshwa, akatafuna muda mrefu.

“Yanapiga kelele mdomoni,” akatoa hukumu. “Lakini kama mwanangu atashika gari, nitayatafuna.”

Hajaacha kulalamika, na leo asubuhi mmesikia. Ila nyumbani anapika bila magadi, na dereva akiomba chumvi ya kuongeza, bibi ndiye anayemuuliza presha yake ikoje.

Vidonge vikaendelea, mboga ikaendelea. Kipimo cha wiki iliyopita kimeshuka. Janeth anataka akione kimetulia mara moja zaidi, ndipo daktari aseme neno. Tajiri ameshapigiwa simu. Amesema gari lipo, hajampa mtu moja kwa moja.

Antipasi ameanza kulala mapema na kuuliza bei ya dizeli.

Loyce ana mpango wa kupanua banda na kuandika maharage machanga juu kabisa ya ubao wa vyakula, wacheke wanaotaka kucheka. Lakini akiulizwa anachokitamani hasa, hataji banda.

Anamimina maharage kwenye hotipoti, anafunika, anafuta mikono kwenye kanga.

“Natamani nimsikie anapita hapo barabarani na lori lake,” anasema. “Apige honi wee, na mimi niwe na wateja wengi mpaka nikose nafasi ya kugeuka.”