Mtu wa Bara Aliyeandika Kusi

Mwanangu, kila nikikuona umebeba ubao wako wa mawimbi kwapani unateremka baharini bila kumuuliza mtu, huikumbuka siku moja ya Julai, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Keti kidogo nikuhadithie. Bahari haikimbii.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafanya kazi kwa fundi wa makochi hapa Mji wa Kale. Binamu yangu Swaleh alikuwa ameachiwa ubao na mgeni wa hoteli moja ya Nyali, nasi tukaufanya wetu wawili. Mahali petu palikuwa pale chini ya mnara wa taa, penye mwamba, karibu na mlango wa bandari. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, maji pale hutulia na mawimbi huwa mafupi, ya kuchezea tu. Sisi tulikuwa tukingoja kusi. Ikishika, tangu Mei, mawimbi huja marefu kutoka nje, huinuka juu ya mwamba na kukubeba mpaka ukasahau una mama nyumbani.

Mwaka ule akatokea mtu. Alikuwa kijana wa rika letu, mtu wa bara, jina lake Musyoka, amepanga chumba kwa jirani yetu Bi Zuhura. Kila tulipokuwa majini tulimwona amesimama juu ya majabali na kidaftari. Haogelei, havui samaki, hamngoji mtu. Anatazama bahari, kisha anaandika.

"Yule yuwaandika nini?" Swaleh akaniuliza.

"Yuwatuandika sisi," nikamjibu.

Usinicheke. Zilikuwa siku ambazo ukitaka kuzungumza siasa barazani, kwanza watazama nani amekaa karibu. Basi nikaanza kumchunguza. Leo anatoka nyumbani alfajiri, kesho saa nne, keshokutwa hatoki kabisa. Kazi gani hiyo? Viatu vyake vilikuwa vizito, vya ngozi, kama vya askari. Siku moja akanisalimia kwa jina langu, nami sikuwahi kumtajia. Nilikosa usingizi kwa salamu ile. (Bi Zuhura alikuwa akiniita kwa jina hilo dirishani kutwa mara kumi, lakini hilo halikunijia.)

Jumatano moja akatungoja kwenye ngazi za mawe.

"Ndugu zangu," akasema, "Ijumaa jioni msiingie hapa. Ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida; yatakuwa yanakupwa kwa nguvu kwenda nje, na kusi inavuma kuja ndani. Vikikutana hapa mlangoni, mawimbi husimama wima na mkondo humvuta mtu nje."

"Wewe wajua kuogelea?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Basi bahari waijulia wapi?"

"Naiogopa," akasema. "Ndiyo maana naiandika."

Nilimwona Swaleh anataka kumsadiki. Tulipokuwa peke yetu nikamwambia, "Yule hataki tuwe pale Ijumaa. Pana jambo hataki tulione." Jioni ileile nikaenda kwa Bi Zuhura, kisha kwenye baraza ya kahawa, nikasema mpangaji wake ni mtu wa kupeleka habari za watu serikalini. Sikusema "nadhani". Nilisema "najua". Alhamisi alasiri nikamwona Musyoka amejitwika godoro, anaelekea Feri, kwenye kivuko. Nikajiona nimeshinda.

Ijumaa Swaleh alitangulia majini. Wimbi la kwanza alilipanda vizuri. La pili lilisimama kama ukuta, likampokonya ubao. Nilimwona anaogelea kwa nguvu zote kuja kwangu, na kila alipopiga mkono akawa mbali zaidi. Nikakimbia juu ya majabali nikipiga kelele, miguu inachanika, wala hapakuwa na wa kunisikia.

Ndipo nikaiona boti inayowapeleka marubani, wale wanaoziongoza meli kuingia bandarini, inarudi kutoka nje. Badala ya kushika njia yake ya katikati, ikapinda kuja upande wa mwamba. Mtu mmoja alikuwa amelala kifudifudi mbele, mkono chini. Alimshika Swaleh shati, wakamvuta wawili. Yule wa kwanza alikuwa Musyoka.

Kumbe ile ndiyo kazi yake. Saa zake zilifuata saa za meli, viatu vilikuwa vya kazini, na kidaftarini aliandika saa za maji na nguvu za kusi. Alikuwa amemwomba nahodha wapite pale kwa sababu alijua hatungemsikiliza.

Nikawakuta Feri, walikoteremka. Swaleh anatapika maji, bega limeteguka. Musyoka amekaa chini kando yake, anakamua maji mikono ya shati.

"Ni mimi niliyesema kwa Bi Zuhura," nikamwambia.

"Najua. Aliniambia."

Nikamsihi arudi, nitampeleka kwa Bi Zuhura mwenyewe, aje kwetu tunywe chai mama yangu amshukuru. Akanitazama vilevile nilivyokuwa nikimtazama yeye.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini chai yako sitakunywa. Kila funda nitajiuliza umenialikia nini."

Nilipita nyumba kwa nyumba kuyafuta maneno yangu. Wengine walinisadiki. Wengine wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani amekutisha?" Musyoka hakurudi kukaa Mji wa Kale. Na Swaleh, mpaka leo akinyanyua mikono kuomba dua, wa kulia haufiki juu.

Basi mwanangu, nakwambia wazi. Kusi ikivuma, uliza maji yanajaa au yanakupwa kabla hujalowesha mguu, na usitazame anayekujibu ametoka wapi. Ukimshuku mtu, mwendee mwenyewe umuulize, kabla hujafungua kinywa kwa mwingine. Mimi sikumuuliza kamwe anaandika nini, na angenijibu.

Nenda, ubao wako huo. Mungu akurudishe salama kila unapoingia majini, akupe moyo mwepesi kwa watu, na wanaokuambia kweli akujaalie uwatambue mapema.