Hesabu au Jiografia

Baba yangu alifundisha hesabu katika shule za sekondari za Trans-Nzoia mpaka alipostaafu, na mimi, kitinda mimba wake, nikapata D ya hesabu katika mtihani wa kidato cha nne. Nalitaja mapema kwa sababu watu wa Kitale nao walilitaja mapema. Ukipita naye sokoni, wanaume wenye vipara walikuwa wanavua kofia. "Mwalimu! Habari ya siku nyingi?" Kisha wananigeukia mimi. "Na huyu, hesabu aliweka ngapi?"

Matokeo yalikuja kwa ujumbe wa simu. Tulikuwa jikoni, mama akisukuma chapati. Baba alichukua simu yangu, akaishika mbali na macho kwa kuwa hakuwa na miwani, akasoma kwa sauti kama anayeita majina darasani. Biolojia A. Kilimo A. Jiografia B. Kemia B. Lugha zote mbili B. Alipofika kwenye hesabu alisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga kokoto, kisha akaisoma hiyo pia, sauti ile ile. Akanirudishia simu.

"Biolojia umeweka A, mami," akasema.

Aliniita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake, yule aliyehamia huku kutoka Nyeri akiwa na mtoto mgongoni. Nilisubiri aseme neno jingine. Alienda nje kuangalia ng'ombe ambao mama alikuwa ameshawaangalia.

Mtu asidhani hakujaribu kunifundisha. Tangu nikiwa darasa la sita, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tulikaa mezani na daftari. Baba alikuwa anaona jibu kabla hajamaliza kusoma swali, na hakuweza kuelewa mtu asiyeliona. Siku moja nikiwa kidato cha pili aliniuliza swali lile lile mara nne, sauti ikipanda. Mara ya nne niliandika tu namba yoyote ili anyamaze. Aliiona hiyo namba, na nadhani aliona pia kwa nini nimeiandika. Akafunga daftari polepole. "Basi, mami. Pumzika." Hatukukaa tena pale mezani na daftari, na hesabu ikawa jambo lisilotajwa nyumbani kwetu.

Nilichopenda ni wadudu. Ghalani kwetu dumuzi walikuwa wanasaga mahindi yakawa unga kabla sisi hatujayapeleka kwenye kinu. Nilikuwa nawaweka kwenye chupa za jamu, naandika siku waliyotaga na siku waliyotoka, na mama alikuwa ananigombeza kwa kuharibu chupa. Sikujua kwamba kuna watu wanasomea jambo kama hilo mpaka mwalimu wa kilimo aliponiambia. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine.

Wakati wa kuchagua kozi za chuo kikuu ulifika mvua za masika zikiwa zimeshika. Tulienda na baba kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mjini Kitale. Kijana wa saiba alifungua ukurasa wangu, akapitisha macho kwenye alama, akapiga mluzi.

"Hii D ya hesabu itakusumbua. Sayansi wachana nayo, dada. Si uweke ualimu, Kiswahili na Historia? Unaingia bila stress."

"Nataka kusomea wadudu wa mimea," nikasema.

"Ati wadudu?" Alicheka, lakini si kwa ubaya. Alitafuta, akapata kozi moja ya sayansi ya kilimo ambayo mtu husoma magonjwa na wadudu wa mazao kuanzia mwaka wa tatu. Akaanza kusoma masomo yanayotakiwa. Biolojia, sawa. Kemia, sawa. "Halafu hesabu. Si nimekuambia?"

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Sasa aliinama, akaweka kidole chake kwenye kioo cha kompyuta.

"Soma mpaka mwisho, kijana."

Mstari ulisema: Hesabu au Fizikia au Jiografia.

"Ana B ya Jiografia," baba akasema.

Kijana aliangalia tena. "Kumbe. Basi anaweza kuingia. Lakini kuingia ni jambo moja, mzee. Huko ndani hesabu iko. Nitume?"

"Usitume," baba akasema. "Tutarudi Jumatatu."

Nilimfuata nje nikiwa nimekasirika. Ile "au" ilikuwa imenifungulia mlango, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiona, halafu akaufunga. Nilimwambia hivyo, pale pale mbele ya duka la mbegu. Hakunikemea.

"Mimi siwezi kukuambia kama utaweza," akasema. "Nimeshakosea kusema jambo kama hilo. Kuna mtu Bungoma tutamwuliza."

Ijumaa tulikuwa Bungoma kabla ya saa nne asubuhi, na mfuko wa matunda damu kutoka shambani kwetu. Tulichukua pikipiki mbili mpaka Mabanga, ambapo wakulima hufundishwa. Baba alishuka, akalipa, lakini hakuingia langoni. Alisimama kando ya barabara akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Ndipo aliponiambia.

Huyo mtu alikuwa mwanafunzi wake. Msichana wa shule ya bweni, zamani, kabla sijazaliwa. Alikuwa anapata alama kumi, kumi na mbili kwa mia. Siku moja alisema darasani kwamba anataka kuwa mwanasayansi, na baba akamwambia mbele ya wenzake wote kwamba sayansi si yake, atafute fundi wa cherehani amfundishe kazi. Darasa likacheka. Mwaka mmoja kabla ya siku ile, baba alikuwa anasikiliza redio akikamua, akasikia mtaalamu kutoka Mabanga akiwaeleza wakulima juu ya viwavi jeshi. Walipotaja jina lake alizima redio.

"Ulizima kwa nini?"

"Sijui. Niliona aibu, hata ng'ombe nilishindwa kumtazama."

Sikuwahi kumwona baba yangu akiogopa mtu. Aliogopa pale langoni, na mimi hasira zangu zikaisha zote.

Tulimkuta mwanamke huyo kwenye kipande cha mahindi kilicho nyuma ya majengo, mahindi yamefika magotini. Alikuwa amevaa gambuti na koti la kijivu lenye mifuko. Baba alivua kofia.

"Madam, habari ya kazi?"

Mwanamke alimtazama muda mrefu. "Mwalimu," akasema hatimaye. Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alinisalimia mimi kwa mkono, akatuongoza kwenye chumba chake chenye darubini moja na makabati ya chupa za wadudu. Mimi nilizitazama zile chupa mpaka nikasahau kukaa. Aliagiza chai.

Baba hakungoja chai. "Nimemleta binti yangu. Anataka kusomea kazi kama yako. Ana D ya hesabu."

Yule mama alikaa. "Hiyo D ni yake, ama ni yako, Mwalimu?"

Nilitamani niwe nje.

"Labda yangu," baba akasema. "Na yako pia ilikuwa yangu. Lile neno nililokuambia darasani, nilikukosea. Nimekuja kukuomba msamaha kabla sijakuomba kitu kingine."

Nilidhani angesema si kitu, yamepita, kama watu wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Ulinikosea, ndiyo," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Miaka miwili mizima nilijifunza kushona, na hata kushona sikujua." Chai ilifika, akamsogezea kikombe. "Lakini umekuja. Hilo nimeliona. Kunywa chai."

Kisha alinigeukia mimi, na kwa nusu saa alizungumza kana kwamba baba hayupo. Aliniambia alianza na cheti, akaenda diploma, ndipo akapata digrii, njia ndefu. Aliniambia nisikubali kudanganywa kwamba hakuna hesabu. Ipo. Kuna ya kuchanganya dawa kwenye kemia. Kuna takwimu mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, na takwimu zilimliza chooni.

"Usichague kozi kwa kutafuta ile isiyo na hesabu," akasema. "Utakimbia, utakimbia, mwisho utajikuta mahali ambapo hesabu haipo na wadudu pia hawapo. Tafuta kazi unayoweza kuifanya hata siku ile umechoka. Halafu hesabu yake, hiyo hiyo tu, uisomee. Si hesabu yote ya dunia."

"Nitajuaje kama naweza hiyo kazi?"

Alisimama. "Twende shambani."

Alituonyesha mistari miwili ya mahindi, mimea arobaini. Tuhesabu viwavi, kila mtu peke yake. Alimpa baba kalamu na karatasi, mimi pia. Baba alishtuka, lakini alikunja suruali akaingia.

Kiwavi jeshi hakai juu ya jani akisubiri kuhesabiwa. Hujificha katikati, pale majani machanga yanapochomoza, akijifunika na kinyesi chake kinachofanana na machujo ya mbao. Niliinama kwenye kila mmea, nikifungua majani kwa kidole. Nilipata majani yenye matundu ya zamani ambayo mwenyewe ameshaondoka, nikayaandika kando. Sikumbuki muda uliopita. Nilikuwa na viwavi ishirini na watatu.

Baba alikuwa na tisa. Chini yake alikuwa ameandika wastani kwa kila mmea, 0.225, na kuupigia mstari kwa kutumia kitambulisho chake kama rula.

Yule mama alizisoma karatasi zote mbili. Safari hii alicheka, akashika mdomo. "Mwalimu, kugawanya umegawanya sawa kabisa. Shida ni kwamba viwavi kumi na nne bado wako huko wanakula."

Baba alirudi kwenye mstari, akainama kwenye mmea wa kwanza. Nilienda nikamwonyesha pa kufungua. "Huyu hapa?" aliuliza. "Kumbe huyu ndiye?" Alimtazama mdudu yule mdogo kama aliyefunuliwa siri, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia kuhusu kinyesi. Akaniuliza tena, taratibu, nikamweleza tena.

Jumatatu tulirudi saiba na nikachagua ile kozi kuwa ya kwanza. Kijana alibonyeza, akasema, "Haya basi, wadudu." Nilipata nafasi.

Laiti ningeweza kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Takwimu za mwaka wa kwanza nilianguka. Jina langu lilibandikwa kwenye orodha ya wanaorudia mtihani, nami nikakaa hosteli siku mbili nikijiambia kwamba kijana wa saiba alikuwa sahihi. Sikumpigia baba. Nilimpigia yule mama wa Bungoma.

"Pole," akasema. "Mimi nilianguka pia. Sasa mpigie babako."

"Siwezi. Unajua yeye alivyo."

"Namjua alivyokuwa. Mpigie. Hesabu anajua kunishinda mimi na wewe tukiunganishwa."

Nilimpigia. Nilisema haraka haraka kwamba nimeanguka, nikasubiri ule ukimya wake. Nilisikia kiti kikivutwa.

"Swali la kwanza lilikuwa linauliza nini?" akasema. "Usiniambie namba. Niambie hao wadudu walikuwa wanafanya nini."

Nikamwambia. Kulikuwa na mashamba mawili, moja limepuliziwa dawa na jingine halijapuliziwa. Akaniuliza kama ningekuwa mimi mwenye shamba ningetaka kujua jambo gani. Nikasema ningetaka kujua kama dawa imefanya kazi, ama ni bahati tu. "Basi hilo ndilo fomula yote inauliza," akasema. Likizo ile yote tulisoma hivyo, mezani, asubuhi baada ya maziwa kuchukuliwa. Mara mbili nilisikia sauti yake ikianza kupanda. Mara zote mbili alinyamaza, akanywa maji, akaniambia nimweleze nilipofika mimi, si alipofika yeye. Nilirudia mtihani nikapata hamsini na mbili. Mwaka wa pili nikapata hamsini na saba. Hizo ndizo alama zangu za takwimu, na sijawahi kupata za juu kuzipita.

Sasa nafanya kazi na wakulima upande wa Tongaren. Napita kwenye mahindi yao, naangalia, nahesabu, tunazungumza juu ya la kufanya. Ripoti yenye majedwali marefu bado hunitia jasho, na mwenzangu wa ofisini huikagua kabla sijaituma. Nami humkagulia yake, kwa sababu yeye hawezi kutofautisha viwavi.

Yule mama wa Bungoma na baba hawakuwa marafiki. Hupigiana simu sikukuu, huulizana habari za mvua, basi. Lakini mwezi uliopita, nilipokuwa nyumbani Kitale, nilimwambia baba kwamba alifanya vizuri kwenda Bungoma siku ile, kwamba si watu wengi wangeenda. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua gunzi lake mpaka likaisha.

"Yule nilijua anakaa wapi," akasema. "Alitajwa kwenye redio. Wale wengine niliowaambia maneno kama yale, mami, siwajui hata walienda wapi."

Nilichukua gunzi jingine, naye akachukua jingine, tukaendelea mpaka mama alipotuita ndani.