Kisu Chenye Kofia ya Shaba

Kijiji kizima cha Chiungutwa, kwa mambo ya visu, mtu alikuwa mmoja tu: Nikolao Likwata. Ukitaka kununua kisu Masasi, kwanza umpitie, umbembeleze, umsubiri avae koti lake lililotoboka viwiko, ndipo mshike njia. Na yeye, tuseme ukweli, alikuwa na maringo na kazi hiyo. Akifika dukani haulizi bei. Anachukua kisu, anakipinda kwenye goti, anakiachia, anatazama kama kimerudi sawa. Anakigonga kwa ukucha na kutega sikio. Kisha anatoa mfukoni kipande cha mpingo, kile kile cha miaka yote, anakichoma kwa ncha na kuzungusha. Ncha ikipinda, anakirudisha kisu mezani kimya, na mwenye duka anajua biashara imekufa. Ikisimama, anasema, "Hiki kinafaa." Basi. Mtu analipa na kuondoka moyo mweupe.

Chake mwenyewe hakikutoka dukani. Kilifuliwa na marehemu Mahmudu, mhunzi wa Newala, kwa springi ya lori. Mkia wake wa chuma ulipita katikati ya mpini wote, ukatokeza kwa nyuma, ukakunjwa pale nje kila mtu auone. Visu vyote vya wahunzi vilikuwa hivyo, na hakuna aliyewaza kwamba kisu kinaweza kuwa vingine. Lakini Mahmudu alikuwa ameshakufa, wanawe wako kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi, na mivukuto yake ya kupulizia moto imetafunwa na panya. Aliyetaka kisu sasa alikwenda dukani, apende asipende.

Kiangazi kimoja, mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea yalipokufa na vibarua kurudishwa makwao, Yohana alirudi mikono mitupu. Yohana alikuwa mtoto wa kwanza wa Josephina, dada yake Nikolao. Kwa watu wale mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno: ndiye anayeulizwa mtoto akioa, akiugua, akifungwa. Yohana alikuwa na mke, kodi inamsubiri, na ghalani hamna kitu. Akapatana na rafiki yake Marko waende pori la Ruvuma kurina asali.

Mrina asali bila kisu hana maisha. Kwa kisu anakata magome ya kusokotea kamba, anachuna nyama, anapasua mzinga. Na akiwa juu ya mti, anapotaka kuhamisha kamba ya kiunoni kuipitisha juu ya tawi, hukichoma kisu kwenye shina na kukishikilia kwa mkono mmoja. Kwa kitambo hicho uhai wake wote uko kwenye mpini.

"Shikamoo, mjomba," Yohana alisema siku ya kuaga.

"Marahaba, mpwa wangu."

"Mjomba, niazime hicho chako. Nitakirudisha."

Nikolao aliangua kicheko. "Hiki? Thubutu! Omba hata mikorosho yangu, nitafikiri. Hiki nitazikwa nacho."

Yohana naye akacheka, maana mjomba na mpwa ni watani. Wakaenda Masasi.

Dukani palikuwa na visu vipya, vya bei ya chini, mpini mwekundu, na nyuma ya mpini kofia ya shaba inayong'aa. Nikolao alikipinda kimoja, kikarudi. Akakigonga, kikalia vizuri. Kwenye mpingo ncha ilisimama wima, wala haikujikunja. Ile kofia ya shaba aliipapasa kwa kidole akaipenda. Alijua chini yake kuna mkia uliokunjwa, kama ilivyo kila kisu, ila hawa wameufunika kwa urembo. Nani angefunika kitu kisichokuwepo?

"Hiki kinafaa," alisema.

Marko alirudi peke yake kwanza, akikimbia: Yohana ameanguka kutoka mtini, wanatakiwa wanaume wa kusaidia kubeba machela. Walipomfikia Yohana alikuwa ameshakata roho. Ngumi yake ilikuwa imefumba, na ndani ya ngumi mlikuwa na mpini mwekundu.

"Kisu je?" Nikolao aliuliza maiti ilipofikishwa nyumbani. Mungu wangu, hilo ndilo alilouliza kwanza, mbele ya dada yake.

"Kiko mtini, baba," Marko alisema huku akilia. "Kimezama hasa. Nimekivuta mpaka nimechoka, hakitoki. Ni mpini uliochomoka."

Nikolao aliipasua kofia ya shaba kwa jiwe. Chini yake hamkuwa na kitu, mbao tupu. Tundu la mkia lilianza upande wa bapa na kuishia pale pale, halikuzidi pingili ya kidole gumba. Chuma alikipima sawasawa, chuma kilikuwa kizuri. Mkia hakuuangalia.

Siku ya mazishi, kabla udongo haujarudishwa, Nikolao alichomoa kiunoni kisu cha Mahmudu akakiteremsha kaburini. Katekista alitazama pembeni. Watu walisema mjomba ameonyesha uchungu wake, na ni kweli alikuwa na uchungu. Tangu siku ile Nikolao hakushika kisu cha mtu, na kipande cha mpingo alikitupa motoni.

Kiangazi kilichofuata Josephina alikuja na mwanawe wa pili, Petro, akakaa kwenye jamvi bila kukaribishwa.

"Kaka, Petro anakwenda Ruvuma. Mchagulie kisu."

"Mama Yohana, mimi? Baada ya yale?"

"Kwani ana mjomba mwingine?"

Nikolao alimsihi Petro asiende. Petro akamwuliza wale nini. Nikolao akavaa koti lake, akaenda Masasi. Dukani vilikuwa vile vile, vyekundu, na kofia zao. Akaomba afunguliwe kofia moja aone ndani. Mwenye duka alimcheka.

"Mzee, ukikivunja umekinunua. Na ukishakivunja utakifanyia nini?"

Alikinunua, akarudi nacho nyumbani, akakipasua mpini mbele ya dada yake. Mkia ulikuwa kipande tu, mfupi vile vile. Angepata wapi mhunzi wa kuurefusha? Newala hakuna, Masasi hakuna. Akachonga mpini mpya, akaukandika ulimbo, akauzungushia kamba ya magome mara nyingi mpaka ukavimba. Alijua kamba hiyo itashika kwenye kukata nyama na magome, na alijua haitashika uzito wa mtu.

Josephina alimtazama akifanya kazi mpaka akamaliza.

"Kile cha Mahmudu kingemfaa," alisema.

"Kiko na Yohana, dada."

"Najua kiko wapi. Ulisema utazikwa nacho. Ukamzika nacho mwanangu, ambaye alikuomba akiwa hai."

Nikolao aliinama, na machozi yakamdondokea mikononi. Laiti angeweza kufukua lile kaburi, angelifukua saa ile ile kwa kucha zake. Lakini kaburi halifukuliwi.

Petro alikipokea kisu kwa mikono miwili. Akakipinda kwenye goti kama alivyoona mjomba wake akifanya tangu utotoni, kikarudi sawa.

"Mjomba, hiki kinafaa?"

Josephina aliinua uso. Nikolao aliipapasa ile kamba ya mpini.

"Bapa ni zuri," alisema.

Petro alingoja kidogo, labda kuna neno jingine. Kisha akakichomeka kisu kiunoni, akawaaga, akashika njia ya Ruvuma.